Mbaazi Mlizozimwaga: Barua kwa Mabinti wa Kibokoni

Wajukuu zangu,

Juzi kwenye staftahi ya harusi nilikuwa nimeketi jikoni. Sahani zikawa zarudi, mahamri hayapo, mbaazi zimeachwa vile vile na tui lake. Mkazimwaga. Saa tano haijafika, mmeshasimama kwa muuza viazi karai, soda mkononi, mwasema njaa yawauma. Mahamri yale yote yaliingia wapi?

Unga mweupe umeshavuliwa makapi, haukai tumboni. Mbaazi zina nyuzinyuzi, yale makapi ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuyasaga. Zataka kutafunwa, zavuta maji, zajaza tumbo, na nyingine huwa uteute unaokifanya chakula kishuke polepole. Zinazofika utumbo mpana huchachushwa na bakteria, na asidi zinazotoka humo huuchochea utumbo utoe homoni za kuuambia ubongo kuwa yatosha. Mojawapo ni GLP-1, ile inayoigwa na sindano za kupunguza mwili ambazo mwanong'onezana bei zake. Mbaazi hazina nguvu ya sindano, lakini zilikuwa mbele yenu.

Na jusi! Hapo ndipo mnaponiudhi hasa. Mmoja wenu kaniambia yuko kwenye dayati, hali kitu, anywa jusi ya machungwa tu. Nikamtazama akamua machungwa sita, akachuja, makapi akayatupa jaani, akaimaliza gilasi kabla sijaketi. Mwanangu, machungwa sita ungeyala kwa kikao kimoja? La tatu lingekukinaisha! Mwaka 1977 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Waingereza: watu 10 walipewa matufaha mazima, yaliyopondwa, na jusi yake, sukari kiasi kimoja. Jusi ilinyweka mara 11 upesi kuliko kula matufaha mazima, na ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko vyote. Tunda ni lile lile. Kilichoondoka ni makapi.

Sisi wazee pia tuna lawama. Ni sisi tuliomwekea mgeni wali mweupe na kuuita mkate wa mofa, ule wa mtama, chakula cha wanyonge. Tumeacha milango ya shule ijae krispi na peremende, kisha twawashangaa watoto wasioshiba.

Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina karibu 11. Kunde, mtama, wimbi, mchicha, mapera: vyote viko sokoni Kongowea. Ongezeni kidogo kidogo, na maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi. Mwenye maradhi ya utumbo amuulize daktari kwanza.

Nawe wa jusi, sikukasirikii. Nilikuona mikono yakutetemeka kwa njaa huku wacheka na wenzako, na usiku ule sikulala vyema. Alhamisi naloweka mbaazi. Njoo Ijumaa asubuhi, tule sote, na chungwa nitakumenyea mwenyewe.