Yona alitii kwa miguu

Mwanangu mpendwa,

Ulipokuwa mdogo nililalamika mara nyingi, "Mtoto huyu hasikii." Masikio yako yalikuwa mazima, ulinisikia hata nilipokuwa nikinong'ona chumba cha pili. Lakini kila mtu alielewa ninachosema, kwa kuwa kwetu sisi kusikia na kutii ni kitu kimoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kiebrania nacho kiko hivyo hivyo: neno shama ni kusikia, na ndilo hilo hilo kutii.

Naanzia hapo kwa sababu ya uliyoniambia kwenye simu, kwamba sasa utakuwa ukisoma kuanzia Mathayo tu, maana Mungu wa kule nyuma, katika Agano la Kale, ni wa amri na hasira, na wa huku ni wa rehema. Nilikujibu kwa mkato. Swali lako lilistahili zaidi ya hapo.

Wazo hilo ni la zamani. Mwalimu mmoja aitwaye Marcion alilifundisha Roma katika karne ya 2, na kanisa la pale likamtenga mnamo mwaka 144. Alilitupa Agano la Kale lote, na katika Injili nne akabaki na Luka peke yake, naye akiwa amempunguza. Ndivyo inavyokuwa. Ukiwaondoa manabii, Yesu mwenyewe anaanza kumeguka mikononi mwako.

Mchukue huyo huyo Mathayo wako. Katika sura ya 9 Yesu amekaa mezani na watoza ushuru, Mafarisayo wananung'unika, naye anawaambia waende wakajifunze maana ya maneno haya: "Nataka rehema, wala si sadaka." Waende wapi? Kwa nabii Hosea, sura ya 6. Katika sura ya 12 anawarudisha pale pale tena. Ukifungua Hosea katika Biblia yetu utakuta "fadhili" mahali pa "rehema". Usishangae. Neno la Kiebrania ni hesed, wema wa mtu asiyevunja agano hata mwenzake akilivunja, na wafasiri wa Kiyunani waliligeuza kuwa rehema kabla Mathayo hajaandika. Kwa hiyo rehema uliyoipenda kwa Yesu ilikuwa imeshahubiriwa miaka mia saba kabla yake, kwa Kiebrania, na watu ambao bado wanayasoma maandiko hayo kama yao. Sisi tumekaribishwa humo. Tusiingie kama wenye nyumba.

Najua utaniuliza juu ya mfalme Sauli, 1 Samweli 15. Amri ile ya Mungu ya kuwaangamiza Waamaleki ni nzito kwangu hata leo, na mtu yeyote asije akakuambia kwamba inampa ruhusa ya kumwaga damu. Lakini tazama Sauli alifanya nini. Wengi husema alihukumiwa kwa kuwa na huruma. Si kweli. Alimwacha hai Agagi, mfalme mwenzake, pamoja na kondoo na ng'ombe walionona. Kilichokuwa duni akakiangamiza. Huruma gani hiyo inayochagua walionona? Kisha akasema wanyama wale ni wa kumtolea Mungu dhabihu, ndipo nabii Samweli akamjibu kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Na Sauli alipobanwa alikiri: aliwaogopa watu, akaisikia sauti yao. Neno ni lile lile, shama. Alikuwa anasikia vizuri sana, ila sauti nyingine.

Sasa njoo kwa nabii Yona, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mungu anamtuma Ninawi, upande wa mashariki. Anashuka Yafa na kupanda merikebu ya Tarshishi, upande wa magharibi kabisa. Tumezoea kumcheka. Mimi nimeacha. Ninawi ulikuwa mji wa Waashuri, na Waashuri ndio walioiangusha Samaria mwaka 722 kabla ya Kristo na kuwahamisha watu wake. Aliyesoma kitabu hiki akijua hayo alielewa ni rehema ya nani inayozungumzwa. Ya adui.

Na kila kitu mle kinatii. Tufani inatii, samaki anatii, anammeza na kumtapika pwani, mtango unaota, buu linautafuna, upepo wa mashariki unavuma. Nabii peke yake ndiye mgumu. Akitumwa mara ya pili anakwenda, ndiyo, anahubiri, mji unatubu, naye anakasirika mpaka anaomba kufa. Miguu yake ilitii, moyo ukabaki merikebuni. Anachomlaumu nacho Mungu ni maneno ya Kutoka 34, aliyoyasikia Musa baada ya ndama wa dhahabu: mwenye huruma, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema. Maneno yaliyowaokoa baba zake anayatupa kama mashtaka, kwa sababu safari hii yanamwokoa mwingine.

Wayahudi husoma kitabu hiki kizima alasiri ya Siku ya Upatanisho, wakiwa wamefunga, siku ambayo kila mmoja anajiombea rehema. Nadhani hakuna wakati mgumu kuliko huo wa kumsikiliza Yona. Na nikimwona Bwana wetu Gethsemane akisema mapenzi ya Baba yatimizwe, namwona Yona aliyekubali mpaka moyoni: anakwenda alikotumwa, na anakokwenda ni kwetu.

Mwanangu, unakumbuka mwaka ule uliponiomba msamaha mbele ya baba yako? Nilisema nimekusamehe, kwa kuwa nimeamriwa kusamehe. Kisha nikakaa juma zima nikikujibu kwa neno moja moja. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nilitii kwa mdomo, na wewe ulilijua hilo kila asubuhi. Sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba sasa.

Kitabu kile kinaishia na Mungu akimuuliza Yona kama haikumpasa Yeye Mungu kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi. Jibu la Yona halikuandikwa. Ni sura nne tu, zisome leo kabla ya kulala, halafu unipigie. Safari hii sitakata maneno.

Mama yako