Dari tambarare kwenye chumba cha mvuke

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili iliyosifia hoteli za kitalii za pwani ya kusini mwa Hispania: kuta nyeupe, marumaru, vioo kutoka sakafuni hadi darini vinavyotazama bahari. Mwandishi aliziona kama mgeni azionavyo. Mimi ni msafishaji wa sehemu ya spa katika hoteli ya namna hiyo karibu na Málaga, huu mwaka wa 6, na naomba nafasi niseme ninayoyaona nikiwa na ndoo mkononi.

Chumba chetu cha mvuke kina dari tambarare. Mvuke ukifika juu hupoa, hugeuka matone, nayo hayana pa kwenda ila kudondoka, ya baridi, mgongoni kwa aliyejilaza. Wageni hushtuka na kulalamika. Napanda ngazi, napangusa, baada ya dakika 10 dari imelowa tena. Kile kioo cha kutazama bahari kina ukungu kutwa nzima. Na sakafu ya marumaru iliyong'arishwa imefunikwa mikeka ya mpira tangu mama mmoja alipoteleza akavunjika mkono. Inaniuma kuona jiwe zuri namna ile limefichwa.

Siku moja ya mapumziko nilikwenda Granada nikaingia El Bañuelo, hamamu (bafu la umma la mvuke) ya zama za utawala wa Waislamu, kando ya mto Darro, ambayo ina zaidi ya miaka 800. Niliinua macho nikasahau kuondoka. Dari zake zimepinda: tone likijikusanya hufuata mpindo hadi ukutani, likateremka bila kumgusa mtu. Matundu ya umbo la nyota huingiza mwanga bila kuwaanika waogaji, na ndimo mvuke ulimopitia kutoka nje. Vyumba vinafuatana, cha baridi, cha vuguvugu, cha moto, ili mwili uzoee kidogo kidogo. Nyota hizo hizo hotelini kwetu zimechorwa ukutani kama pambo. Sikuwahi kujua kwamba zilikuwa na kazi.

Wasanifu wa hoteli hizi wanayo mabafu ya namna hiyo karibu; mjini Ronda yapo, Alhambra yenyewe, ngome ya kifalme ya Granada, yapo. Waende wakatazame juu. Na mwandishi wenu akirudi huku, namwomba avue viatu, ajilaze dakika 20 kwenye benchi la chumba cha mvuke, ndipo aandike.

Msomaji wenu,
Málaga, Hispania