Raporo moya, mara saba

Bwana Mhariri, jambo sana. Miye natumika mu biro moya hapa Lubumbashi, na tuko na shefu mwenye hataki hata koma moya ipotee. Juma iliyopita aliturudishia raporo mara saba, ile ya saba sababu mistari ya tablo haikukuwa sawasawa, namba zenyewe zilikuwa muzuri toka mara ya kwanza! Tukatoka usiku, bisi za Ruashi zimeisha kabisa, mama moya mwenzetu akalipa pikipiki na feza ya bukari (ugali) ya watoto.

Sasa ubaya ni huu, hakuna mutu anaonyesha tena kazi yake mapema, kosa tunalificha. Kijana wa staji, mwenye angali anajifunza kazi, alikosea bei ya dola, akanyamaza siku tatu juu ya woga, na ile ndio kosa ya kweli ya kutuuwa. Shefu mwenyewe (si mutu mubaya, yeye ndio anafunga mulango wa mwisho) macho mekundu kila siku. Hesabu ya dola ikaguliwe hata mara kumi, naitika. Lakini rangi ya tablo? Atuambie tu asubui fasi gani anataka bila kosa na fasi gani inatosha, tukuwe tunarudia nyumbani jua lingali.

Musomaji wenu, Ruashi