Kipimo cha floraidi kibandikwe pale tunapochota maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu floraidi, madini yaliyomo kwenye maji tunayokunywa huku Arumeru, hasa sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru, maeneo kama Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Darasani kwangu kuna watoto ambao hawacheki bila kufunika mdomo kwa kiganja. Meno yao ya mbele yana michirizi ya kahawia, mengine yamemomonyoka kingoni. Wapo wanaoyasugua kwa mkaa uliosagwa mpaka fizi zinatoka damu, kwa sababu mtu fulani kawaambia ni wachafu. Wanaonewa bure. Doa lile linaletwa na floraidi iliyozidi, nalo huingia jino likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi, mtoto akiwa hajavuka miaka minane hivi, na hakuna mswaki wa kulitoa. Wengine floraidi imewafika kwenye mifupa: miguu imepinda, na kwa watu wazima viungo vimekakamaa hata kuinama shambani ni taabu.

Nasikia watu wakisema haya ni majaliwa, mlima ndivyo ulivyo. Ni kweli floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano. Lakini kiasi ambacho mtoto anaweza kunyweshwa kihalali kiliamuliwa na watu, mezani. Mwaka 1974 nchi yetu iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita. Sababu yake naielewa: kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi na watu wasingekuwa na pa kuchota. Baadaye kikashushwa hadi miligramu 4, na sasa kiwango cha taifa ni 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani. Miaka yote hiyo miamba ya Meru ni ile ile. Mama aliyekulia kwenye kisima cha miligramu 6 alikunywa maji halali. Mwanawe akichota hapo hapo leo, anakunywa maji yaliyozidi kiwango mara nne. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba afya ya kijiji ni suala la usafi wa mtu mmoja mmoja nyumbani kwake.

Sasa kiwango tunacho, tena kizuri. Tatizo ni kwamba hakijafika bombani. Sijawahi kuona kioski cha maji au kisima huku kwetu chenye kibao kinachosema maji haya yana floraidi kiasi gani na yalipimwa lini. Jirani yangu ananunua maji kwenye kisima cha mtu binafsi, dumu la lita 20 baada ya dumu la lita 20, na maji yenyewe ni meupe, baridi, matamu. Atajuaje? Floraidi haina rangi wala harufu. Inawezekana kipimo kipo kwenye faili la kibali cha kisima hicho, lakini faili halimsaidii mama mwenye ndoo kichwani.

Zahanati zinatufundisha kuchemsha maji, na zinafanya vyema, maana kipindupindu hakina huruma. Ila kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yanayobaki yanazidi kuwa na floraidi kali. Juu yake tunatia magadi kwenye makande ili yaive upesi, na magadi nayo yana floraidi. Mzazi anafuata kila alichofundishwa na bado mtoto anaota meno ya kahawia.

Tazama tulivyofanya kwenye chumvi. Goita ilisumbua sana baadhi ya mikoa yetu, na katika miaka ya 1990 serikali ikaagiza chumvi ya kula itiwe madini joto. Hakuna aliyemwambia mama wa nyumbani apime chumvi yake. Mzigo ulibebeshwa mzalishaji. Kwenye floraidi mzigo bado uko kwa mnywaji, tena mtoto.

Njia zipo, na si zote za mabilioni. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, ule wa shilingi bilioni 520, umewasaidia wengi, lakini vijiji vingi bado viko mbali na bomba lake. Hapa hapa Arumeru kuna kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikitengeneza vichujio vya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Vinafanya kazi, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe, na hapo ndipo inapotakiwa bajeti ya kudumu, kwa sababu msaada wa mara moja huishia na mkaa wa kwanza. Kuna pia mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha, na shule zetu zina mapaa mapana ya bati. Masika ikianza, maji yanaporomoka kutoka batini, yanachimba mtaro chini ya ukuta wa darasa, kisha tunawatuma watoto wale wale kisimani na madumu.

Hatuhitaji kusafisha maji ya kuogea, ya kufulia wala ya ng'ombe. Tuanze na maji ya kunywa na kupikia ya watoto walio chini ya miaka minane, yaani wa nyumbani, chekechea na darasa la kwanza na la pili.

Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Nawaomba madiwani wa halmashauri zote mbili za Arumeru, yaani ya Meru na ya Arusha, wayatumie. Kila anayeuza au kugawa maji kwa umma, awe taasisi au mtu binafsi, abandike kipimo cha floraidi na tarehe yake pale watu wanapochotea. Panapozidi 1.5, kibao kiseme wazi kwa Kiswahili, na kwa Kimaasai au Kimeru panapofaa: maji haya si ya kunyweshwa watoto wadogo. Na hakuna darasa jipya lipokelewe kutoka kwa fundi bila mifereji ya bati na tangi.

Hoja hii iingie kwenye vikao vya bajeti kabla Julai haijafika. Walimu tukiulizwa ni shule zipi zianze, majibu tunayo.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Arumeru, Arusha.