Misalaba ya Amsterdam si moto, mafuriko na tauni

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu nembo za miji ya Ulaya ilisema misalaba mitatu ya bendera ya Amsterdam ni moto, mafuriko na tauni. Watalii huambiwa hivyo kila siku, lakini maelezo hayo hayana mizizi. Tunaomba nafasi tuyasahihishe, pamoja na mchoro uliokwenda nayo.

Kama misalaba ile ingekuwa kumbukumbu ya maafa ya jiji moja, majirani wasingekuwa nayo. Amstelveen na Ouder-Amstel, manispaa zilizo kwenye bonde la mto uleule wa Amstel, nazo zina misalaba ya aina hiyo kwenye nembo zao. Hii ni alama ya mwenye ardhi. Wataalamu wengi huihusisha na ngao ya ukoo wa Persijn, ambao Jan Persijn wao alikuwa bwana wa Amsterdam kati ya 1280 na 1282. Misalaba yenyewe ni ya Mtakatifu Andrea, yaani ile iliyolala kama herufi X.

Na ardhi hiyo iligombaniwa kwelikweli. Askofu wa Utrecht ndiye aliyekuwa mkubwa wake, na mabwana wa Amstel, waliokaa Ouderkerk, walianza kama watumishi wake kabla ya kujifanya wenye ardhi. Upande wa pili alikuwepo Floris V, mtawala wa Holland. Tarehe 27 Oktoba 1275 aliwasamehe ushuru wakazi wa penye tuta la kuzuia maji ya Amstel, na hati hiyo ndiyo andiko la kwanza linalotaja mahali hapo, yaani Amsterdam. Mwaka 1296 Floris aliuawa na kundi la makabaila waliomlia njama, Gijsbrecht IV wa Amstel akiwemo. Gijsbrecht akakimbia, ukoo ukapoteza kila kitu. Haki za mji zilikuja baadaye, kati ya 1300 na 1306, kwa mkono wa Gwijde wa Hainaut, aliyekuwa askofu wa Utrecht kuanzia 1301. Alipofariki mwaka 1317, Amsterdam ikabaki mikononi mwa watawala wa Holland. Anayeisoma nembo bila kuijua historia hii ataona X tatu tu.

Taji lililo juu ya ngao lina habari yake. Maximilian I aliliruhusu jiji kulitumia mwaka 1489, na wakati huo alikuwa bado mfalme, hajawa kaisari. Taji la kifalme liligeuzwa kuwa la kikaisari baadaye. Mwaka 1578 jiji liliingia upande wa Waprotestanti, taji la watawala Wakatoliki likabaki palepale, na hadi leo linaonekana kileleni mwa mnara wa kanisa la Westerkerk. Maneno matatu yaliyo kwenye utepe chini ya ngao, yenye maana ya ushujaa, uthabiti na huruma, yalitolewa na Malkia Wilhelmina mwaka 1947 kuwaenzi wakazi kwa mwenendo wao wakati wa vita, hasa mgomo wa Februari 1941 wa kupinga kuteswa kwa Wayahudi.

Sasa mchoro. Ngao ni nyekundu, katikati ina mlia mweusi wa wima, na misalaba mitatu ya fedha, ambayo kwenye nembo huchorwa nyeupe, imepangwa juu na chini ndani ya mlia huo. Bendera, iliyopitishwa na baraza la jiji tarehe 5 Februari 1975, imelazwa: nyekundu, nyeusi, nyekundu, misalaba mitatu myeupe ikiwa safu moja kwenye mlia wa katikati. Haina taji, haina simba, haina maneno. Mchoro wa bendera mlioweka nyinyi una taji.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuchapa herufi X ya kompyuta. Herufi hiyo kwa kawaida ni ndefu kuliko upana wake, na katika fonti nyingi mkono mmoja ni mnene, mwingine mwembamba. Msalaba wa nembo una mikono minne iliyo sawa, inayokutana kwa pembe mraba, na ncha zake hazigusi kingo za mlia mweusi. Ndiyo maana bendera ikitundikwa wima misalaba haibadiliki sura, ilhali herufi X ingeonekana imelala.

Mchoraji pia asiongeze ukingo mweupe kati ya nyeusi na nyekundu. Ni kweli kanuni ya nembo hukataza kuweka rangi juu ya rangi bila dhahabu (njano) au fedha (nyeupe) kati yake, lakini Amsterdam imeivunja kanuni hiyo tangu zamani, na hivyo ndivyo ilivyo sahihi.

Mkirudia picha hiyo kwenye ukurasa usio na rangi, msiichape kijivu, maana mpaka kati ya nyekundu na nyeusi hautaonekana. Wachongaji wa zamani walikuwa na njia: nyekundu huwekwa mistari membamba ya wima, nyeusi huwekwa mistari ya wima na ya mlalo iliyokatizana, na fedha huachwa tupu.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam