YAH: Kazi mbovu ya bodi kwenye Peugeot 404 yangu, na ombi la irudiwe upya

Kwa Meneja wa Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mwenye Peugeot 404 nyeupe ya mwaka 1967 iliyokaa kwenu tangu Januari hadi wiki ya pili ya Machi. Niliileta baada ya bajaji kuniparamia ubavuni. Mlango wa nyuma kushoto ulibonyea, na lile pezi lililo juu ya taa ya nyuma likakunjika. Palikuwa pia na kutu ya miaka mingi kwenye boksi la chuma linalopita chini ya milango, nami niliwaonyesha kwa kidole nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu yenu.

Tulikubaliana kwa maandishi, na nakala ninayo. Palipobonyea panyooshwe kwa nyundo. Palipooza pakatwe hadi kufikia chuma safi, kiraka cha bati lenye unene uleule kichomelewe pembeni kote. Puti, ule ujiujiu wa kujazia bati unaokauka na kuwa mgumu, iwe ya kusawazisha tu, isizidi milimita 3. Rangi niliitaja mwisho kabisa, nikasema hata isipokuwa na mng'ao sitalalamika. Nililipa shilingi 4,500,000 bila kuomba punguzo.

Siku ya kuichukua gari liling'aa kweli. Masika yalipoanza nikasikia maji yakicheza ndani ya mlango kila ninapoufunga, kama dumu lililojaa nusu. Nikachungulia chini ya mlango: yale matundu madogo ya kutolea maji yamezibwa yote, puti kisha rangi juu yake. Maji yanayopenya kwenye mpira wa kioo hayana pa kutokea tena, na mlango wa bati ukikaa na maji kwa hewa hii ya chumvi tuliyo nayo Dar, unaoza kuanzia ndani.

Baada ya wiki mbili nyingine rangi ikaanza kuvimba, malengelenge kama ya mtu aliyeungua. Nikachukua sumaku ya spika ya zamani, nikaipitisha taratibu ubavuni. Upande wa kulia ilinata kila mahali. Upande wa kushoto, kutoka kwenye taa hadi karibu na tundu la gurudumu, ilianguka kila nilipoiachia. Nikachimba kwa bisibisi sehemu moja iliyokwisha kupasuka: puti ya rangi ya kijivu, unene wa zaidi ya sentimita 1, na ilikuwa na unyevu. Chini yake bado bati limebonyea vilevile lilivyokuja, na kutu yake ikiwa imepakwa praima, rangi ya kwanza ya chini, juu kwa juu. Kwenye lile boksi la chini nimekuta kipande cha bati jembamba kimefungwa kwa riveti nne, kisha kikafunikwa. Hakuna alama hata moja ya kuchomelea.

Kijana wenu wa mapokezi nilipompigia aliniambia, "Mzee, gari lenyewe la zamani, litakuwa linaendea wapi?" Naomba nimjibu kupitia kwako. 404 haina chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini, iliyo peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Lile boksi la chini ya milango ndilo linalobeba uzito kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kulifunga kwa riveti nne ni kunipandisha mimi na wajukuu zangu kwenye gari lililokatika mgongo. Na uimara huohuo wa bodi ndio uliowawezesha Bert Shankland na Chris Rothwell wa hapa kwetu Tanzania kushinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1966, wakarudia 1967, kwa 404. Baba yangu, aliyekuwa bwana shamba Tanga, alinunua hii kwa sababu hiyo.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni pezi. Ukisimama nyuma ya gari na kupitisha kiganja upande wa kulia, unausikia mstari: unapanda kidogo kidogo, unakuwa mkali kama ukingo wa jahazi, kisha unakatika ghafla kwenye taa. Upande wa kushoto sasa ni mviringo kama andazi. Pezi la asili mmelikata. Halikuwa limeoza, lilikuwa limekunjika tu, na chuma kilichokunjika hurudi kwa fundi mwenye subira. Nilipouliza kilipo nikaambiwa kiliondoka na watu wa chuma chakavu.

Niseme haki: aliyeupanga mlango kwenye bawaba anajua kazi. Nafasi kati yake na bodi iko sawa juu hadi chini, na unafunga kwa kidole. Ndiyo maana sitaki kulipeleka gari kwingine kabla ya kuwapa nafasi.

Naomba puti yote ya upande wa kushoto ing'olewe mbele yangu, na ubavu unyooshwe upya. Boksi la chini likatwe palipooza na kuchomelewa kwa vipande vifupi vifupi, likiachwa lipoe, bati lisipinde kwa joto. Matundu ya mlango yazibuliwe. Pezi mlitafute kwenye 404 nyingine au mlichonge kwa bati mkifuata kipimo cha upande wa kulia. Gharama zote ziwe zenu, na kazi hiyo aifanye yule fundi wa mlango. Msipoweza, nirudishieni fedha zangu zote.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana nitalipeleka lalamiko hili Tume ya Ushindani, pamoja na picha, nakala ya makubaliano na kipande cha puti nilichokitoa, ambacho nimekihifadhi kwenye kopo.

Wako,
Mteja, mwenye Peugeot 404