Sampu ichaguliwe kabla ya maunti (vishikizo) za injini kuchomelewa

Mhariri,

Mombasa hii vijana wengi wanang'oa injini ya gari na kutia nyingine yenye nguvu zaidi, kisha wanakwenda nalo kwenye uwanja wa mbio za magari. Mizunguko michache tu, injini inanoki. Lawama hupewa oili au pampu. Tunaomba nafasi tuseme wazi: kagueni sampu kwanza, yaani karai la oili lililo chini ya injini.

Barabarani sampu yoyote isiyovuja inatosha. Uwanjani mambo ni mengine. Gari likikata kona kwa nguvu sawa na uzito wake, oili hujiinua upande mmoja kwa mteremko wa digrii 45. Mdomo wa bomba la kunyonya hubaki mkavu, pampu ikavuta hewa, na beringi za konrodi (mikono ya pistoni), ambazo huishi juu ya utando mwembamba wa oili, zikasagana na krenki, mhimili unaozungushwa na mikono hiyo. Sekunde chache zinatosha kuziharibu. Breki kali nayo huikimbiza oili mbele, kwa hiyo sampu yenye tumbo (sehemu yenye kina) nyuma huumia zaidi hapo.

Shida ya gari lililobadilishwa injini ni kwamba sampu hulazimika kufuata krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini) na reki ya stering (mtambo wa usukani) ya gari inamohamia. Injini za Toyota za jamii ya JZ, kwa mfano, zilitengenezwa na sampu za maumbo mbalimbali kulingana na gari. Kuna zenye tumbo mbele na zenye tumbo nyuma. Isipooana, mafundi hukata tumbo na kulifanya fupi. Sampu ya lita 5 inabaki ya lita 3 na nusu, na hakuna anayejali. Ukikata chini, rudisha ujazo huo pembeni kwa mabawa, yaani vyumba vya ubavuni, mradi yasikaribie ekzosi. Na kama sehemu ya juu ya sampu ni ya aluminiamu na giaboksi imefungwa kwayo, usiikate kabisa, kwa maana ndiyo inayoikaza injini na giaboksi pamoja.

Wengine huogopa kukata, wakaiacha sampu ining'inie. Sampu isishuke chini ya krosimemba. Gari la namna hiyo litapita salama uwanjani, kisha lipasuliwe na tuta njiani, au na njia ya kupandia feri pale Likoni maji yakiwa yamekupwa.

Kipimo tunachokiamini hakina gharama. Weka sampu mezani, funga bomba la kunyonya mahali pake, mimina maji kiasi kile kile cha oili utakayotia, ukipunguza lita moja hivi inayokuwa juu ya injini inapozunguka. Inamisha digrii 45 kushoto, kulia, mbele na nyuma. Mdomo ukionekana nje ya maji upande wowote, sampu hiyo haifai bado. Tia kuta za bati kuuzunguka mdomo, zenye vilango vya bawaba vinavyofunguka kuelekea ndani tu: oili iingie, isitoke. Rudia kuinamisha.

Nafasi kati ya mdomo na sakafu ya sampu iwe milimita 6 hadi 10. Ikiwa ndogo zaidi pampu hukabwa. Ikiwa kubwa, huvuta hewa mapema. Bandika dongo la kuchezea la watoto mdomoni, funga sampu pamoja na gasketi yake, fungua, kisha pima unene wa dongo.

Wakati wa kuchomelea, ifunge sampu kwa bolti zake zote kwenye bloku (mwili wa injini) chakavu, na ipoe ikiwa hapo hapo. Ukiifungua ingali moto, ukingo utapinda na itavuja milele. Kisha paka chokaa nje kwenye maungio, mimina mafuta ya taa ndani, ngoja saa kadhaa. Penye tundu, chokaa italowa. Silikoni nayo iwe uzi mwembamba wa milimita 3. Inayobanwa ndani hukatika na kuziba chujio, nayo injini hufa vile vile.

Kijiti cha kupimia oili cha sampu ya zamani hakisemi kweli tena. Tia ujazo kamili, kitie alama upya.

Tena, msitegemee taa ya dashibodi, kwani huwaka presha ikiwa imekwisha. Fungeni geji ya presha ya oili. Injini yenye moto ipate presha ya takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Mshale ukianguka kila mara kwenye kona ile ile na kurudi gari likinyooka, pampu haina kosa.

Kwa wauzaji wa injini za mitumba hapa mjini tuna ombi moja: msizitenganishe. Injini iuzwe na sampu yake, bomba lake la kunyonya na kijiti chake. Mnunuzi naye aende akiwa na vipimo vya krosimemba ya gari lake mkononi, kabla ya kulipa.

Mafundi wa injini,
Changamwe, Mombasa